Maji ya Kunywa Ndani ya Betri

Tairi la mbele lilipasuka mahali ambapo barabara ilikuwa imebaki alama mbili tu kwenye mchanga. Dereva alivuta usukani, usukani ukamkatalia. Gari liliingia kwenye korongo kavu, likalala ubavu, na mabomba yote ya kampuni ya maji yakaruka kutoka nyuma. Moja lilichana dumu la maji ya kunywa. Kabla vumbi halijatulia, mchanga ulikuwa umeshalimaliza dumu zima.

Gari la kampuni ya maji, na maji hakuna. Tairi lile dereva aliliombea mbadala tangu mwaka uliopita. Msimamizi wa magari alilipiga teke, akasema bado lina uhai, akarudi ofisini kwenye feni yake.

"Shemeji! Uko hai?" abiria wake aliita.

"Mguu," dereva alisema. "Mguu siusikii vizuri."

Mdogo wa marehemu mke wake alikuwa ameomba lifti kwenda kwa mama yao. Sasa alitoka dirishani, paji la uso likivuja damu, akamvuta dereva kwa makwapa hadi kwenye kivuli cha gari. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti. Shemeji alikata mkanda wa kiti, akaufunga mguu katikati ya vipande viwili vya bomba. Dereva aliuma kola ya shati lake mpaka ikachanika.

"Maji yapo?" dereva aliuliza.

"Chupa yangu hii. Haijafika hata nusu."

"Basi tunalowesha ulimi tu. Usinywe kama uko harusini."

Simu hazikushika mtandao. Ilibaki redio ya kampuni. Shemeji alinyoosha antena iliyopinda, akawasha. Taa yake ikawaka, na ule mkoromo wa hewani ukasikika vizuri. Lakini alipobonyeza kitufe ili aongee, redio ilizimika. Akiachia, inawaka. Akibonyeza, inakufa.

"Inasikiliza tu, kusema haitaki," dereva alisema. "Imefanana na mimi mbele ya wakubwa."

Shemeji alichomoa mita ya kupimia umeme kwenye mkoba. Nyumbani kwake meza nzima ilikuwa redio zilizofunguliwa matumbo, si kwa kazi, kwa kupenda tu. Dada yake alizoea kusema huyu ameolewa na waya. Aligusisha ncha mbili za mita kwenye betri: volti kumi na mbili na ziada kidogo.

"Unaona? Betri nzima," dereva alisema. "Redio ndiyo mbovu."

"Ngoja. Bonyeza kitufe huku nikisoma."

Alibonyeza. Namba ikaporomoka mpaka saba.

"Shemeji, bomba lenu likifungwa, geji ya msukumo inasomaje?"

"Vizuri."

"Hata kama limeziba katikati?"

Hilo dereva alikuwa ameliona mara nyingi: geji inaringa, wakubwa wanapiga picha, halafu koki inafunguliwa na tone moja linadondoka.

"Volti ndivyo zilivyo," shemeji alisema. "Betri ikiwa haifanyi kazi yoyote, inakuonyesha sura nzuri tu. Mpe mzigo ndipo umjue."

Aliling'oa betri, akaliweka wima kwenye mchanga. Lilikuwa na vizibo vitano. Tundu la tatu lilikuwa limezibwa kwa karatasi ya nailoni iliyokunjwa. Kizibo kilipotea, na msimamizi alisema hawezi kuagiza kizibo kimoja. Gari lilipolala, nailoni ilichomoka na maji makali ya betri yakamwagika yote kupitia hapo.

"Vyumba sita, kila kimoja volti mbili, na umeme lazima upite vyote kwa foleni," shemeji alisema. "Hiki kimekauka. Kimebaki na unyevu wa kudanganya mita, si wa kupitisha mzigo."

Akaitazama chupa.

"Hapana," dereva alisema.

"Kwenye sahani za ndani bado kuna ukali kidogo. Nikijaza maji, huenda..."

"Huenda! Mimi nitakunywa hiyo huenda?"

"Tukiyanywa, yanakwisha kesho. Na wewe hutembei."

"Nenda wewe."

"Nikuache hapa nikamwambie nini mama?"

"Mwambie nilikufa nikifundishwa hesabu."

Midomo ya dereva ilikuwa imeanza kupasuka. Mtu wa mwisho kumwambia "ngoja kidogo" alikuwa daktari mkuu, siku mke wake alipohitaji damu, na ufunguo wa friji ya damu ulikuwa mfukoni mwa bwana mmoja aliyekuwa mkutanoni. Alingoja. Jioni alirudi nyumbani na viatu vya mke wake kwenye mfuko. Tangu hapo hakuwa amemsadiki mtu kwa lolote.

Aliukodolea macho ule uso wa shemeji wenye damu iliyokauka. Macho yalikuwa yale yale ya dada yake.

"Mimina," alisema. "Ila mkono usitetemeke."

Shemeji alimimina kidogo kidogo. Maji yaliingia yakigugumia, na dereva akameza mate ambayo hakuwa nayo. Chupani kilibaki kiasi cha funda moja. Shemeji alilitikisa betri taratibu, akasubiri, akarudisha nyaya. Dereva akabonyeza kitufe. Tisa. Kumi. Kumi na moja, ikatulia. Redio haikuzimika.

"Ofisi, ofisi! Gari limepinduka, nimevunjika mguu, hatuna maji!"

Mkoromo. Halafu sauti kavu ya ofisini: "Taja kwanza namba ya kibali cha safari."

Dereva alitazama mita. Kumi na nusu, inashuka.

"Achana na huyo, kaka!" Ilikuwa sauti nyingine, ya dereva wa lori la kuchimba visima. "Uko wapi?"

"Korongo la pili baada ya nguzo zilizoanguka! Shika upande wa..."

Redio ikafa. Hawakujua imefika wapi sentensi ile.

Waligawana lile funda. Jua lilihama, kivuli cha gari kikawakimbia, shemeji akamburuta dereva kukifuata. Dereva alianza kumwita shemeji kwa jina la marehemu, na shemeji akaitika kila mara, ili asilale. Ngurumo ya lori iliposikika, dereva hakuiamini hata kidogo, mpaka alipoona matairi.

Alipewa chupa nzima. Alimpa shemeji kwanza.

Miezi kadhaa baadaye dereva alirudi kazini na mkongojo. Uani palikuwa na gari lile lile, limenyooshwa bati na kupakwa rangi, na kijana mwajiriwa mpya akiwa kwenye usukani, tayari kuondoka nalo.

"Betri limeshapimwa asubuhi," msimamizi alisema akiwa mlangoni. "Kumi na mbili kamili."

Dereva alifungua boneti, akahesabu vizibo. Vitano, na nailoni mpya. Akatoa mfukoni mita ya shemeji yake, akaweka ncha zake kwenye betri.

"Zima gari," alimwambia yule kijana. "Washa taa zote, ushike na kitufe cha redio. Na hushuki hapo mpaka mimi nimesoma."