Kimya cha Mwanabibi

Nawategea kitendawili hiki: nyumba yangu ina mlango mmoja. Ukifungwa, wapitao wote husema mwenyewe amekubali waingie. Nyumba gani hiyo? Haya, fikirini. Mimi mwenyewe kilinishinda, mwaka ule wa themanini na nne.

— Mwanabibi, Badi fundi cherehani ameleta posa. Umeridhia?

Kimya.

— Mwanangu, nakuuliza mara ya pili. Umeridhia?

Akainamisha kichwa. Ndiyo kwanza aingie kutoka kufundisha shuleni, mikono imejaa chaki, kiatu kimoja bado mguuni. Mara ya tatu akafumba macho. Basi mimi shangazi yake, niliyemlea tangu mamake afariki, nikajua nijuavyo: mwari akinyamaza, amekubali. Nikapiga kigelegele, Shella nzima ikajua.

Asubuhi akanikuta napima kitambaa.

— Cha nani hicho, shangazi?

— Cha arusi yako.

— Nani kasema naolewa?

— Si wewe! Ulinyamaza.

— Sikunyamaza mimi. Sauti ilikuwa imekwisha!

Na kweli. Miaka kumi alikuwa akifundisha watoto viziwi. Huuchukua mkono wa mtoto, akauweka kooni mwake, akatamka "mama", mtoto ahisi koo linavyotetema. Watoto kumi na tisa, neno moja mara mia. Akirudi jioni hata maji haombi, huonyesha kikombe.

— Basi sema sasa. Wamtaka, humtaki?

— Sijui. Siku hizi sijui hata kama nina njaa. Nikimjibu leo, utakaojibu ni uchovu. Wacha kwanza niiache kazi.

— Uiache kazi ya serikali! Una wazimu?

— Juzi nilimpiga mwanafunzi wangu Kavumbi mkono, shangazi. Shuleni ni marufuku kusema kwa mikono. Na yule mtoto alikuwa akiniamkia tu.

Akalia. Nikakiacha kitambaa, nikamfuta machozi kwa ncha ya leso.

Adhuhuri ikaja barua ya Badi:

"Bi Mwanabibi, nilisikia umenikubali, nikafunga duka nikaenda kununua halua. Kisha nikasikia hukutamka neno. Halua nimeila mwenyewe. Posa nimeiweka kando, sikuiondoa. Siku utakayojibu kwa kinywa chako, ndiyo au la, nitasikia."

Nilimfuata dukani mbio, buibui linaburuzika.

— Badi, waniaibisha! Kigelegele nimeshapiga!

— Kirudishe, Bi Shekha, akacheka. Mimi sitaki kuoa kimya.

Mwisho wa muhula Mwanabibi akaacha kazi. Alilala siku nne. Ya tano akaniambia:

— Nataka kujifunza cherehani. Nifanye kazi ya mikono, koo lipumzike.

Badi akaleta cherehani yake kuukuu. Kila baada ya alasiri akawa anakuja barazani petu kumfundisha, nami nimekaa katikati yao nachagua mchele. Mchele ule ulichaguliwa hata usio na chuya.

— Mwalimu, Badi akamwambia, mshono wako waenda upande kama kaa.

— Mwanafunzi wako ana mwalimu mbaya.

— Ala! Leo umenipa maneno matano.

— Kumbe wayahesabu?

— Tangu Jumatatu. Bi Shekha, nisaidie, yasipotee.

— Mimi nachagua mchele, nikasema, siwasikii.

Siku moja mamake Kavumbi akaja kushonesha sare, na binti yake nyuma yake. Mtoto alipomwona mwalimu, akaficha mikono mgongoni. Mwanabibi akashuka kitini, akapiga magoti, akautoa taratibu mkono ule alioupiga, akaubusu. Kisha akaanza kusema naye kwa mikono, mtoto akajibu, wakaenda hivyo muda mrefu.

— Mwasema nini? Badi akauliza.

— Namwomba radhi.

— Amekusamehe?

— Anafikiri.

Mtoto alipocheka, tukajua amekwisha fikiri.

— Utarudi shuleni basi?

— Sirudi, Badi. Lakini Jumamosi Kavumbi atakuja hapa, nimfundishe kushona. Hapa mikono haina marufuku.

Asubuhi ya pili yake nikamsikia anaimba jikoni. Nilikuwa sijaisikia sauti ile asubuhi tangu aanze ualimu. Nikampelekea Badi habari: lete wazee wako tena.

Wakaja Ijumaa. Wanaume barazani, Badi mwisho kabisa karibu na ngazi, kanzu yake mwenyewe kaishona. Ndani, nyuma ya pazia, wanawake tele.

— Mwanabibi, Badi ameleta posa. Umeridhia?

Kimya.

Jirani yangu akapanua mdomo apige kigelegele. Nikamziba kwa kiganja.

— Ngoja! Safari hii twangoja mpaka aseme.

Mwanabibi akatabasamu. Akauchukua mkono wangu wa pili, akauweka kooni mwake, kama alivyofanya na wanafunzi wake. Mmekwisha tegua? Nyumba ile ni mwari, na mlango wake ni kinywa. Niliuhisi mtetemo kiganjani kabla sijasikia kitu, kisha ikatoka ile sauti ya darasani, ikapita pazia na wazee wote mpaka kule kwenye ngazi:

— Nimeridhia!