Shati Lisilolowa Jasho

Kila jioni, akishamaliza kazi za shule, Machachari alifunga kamba za viatu na kwenda kukimbia. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu hakuweza kukaa kitini bila kutikisa mguu. Baba mwenyewe alikuwa kinyume chake. Alikuwa fundi cherehani, na kazi ilimkalisha tangu asubuhi mpaka mteja wa mwisho achukue suruali yake. Aliwashonea sare watoto wa mtaa mzima, lakini suruali zake yeye kila mara zilihitaji kupanuliwa kiunoni.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amempima presha akaikuta juu. Alimpa dawa, akamwambia aanze mazoezi mepesi na arudi baada ya wiki chache. Nyumbani hakuna aliyelichukulia jambo hilo kwa mzaha. Babu, baba yake fundi, alikuwa amefariki kwa kiharusi, na Machachari aliogopa kumpoteza baba yake kwa njia ile ile.

"Twende wote barabarani, baba," alimwambia.

"Barabarani kuna vumbi, kuna mbwa, kuna pikipiki. Mimi nina mashine."

Mashine hiyo ya kukimbilia aliachiwa na mteja aliyehama. Ilikuwa katika chumba cha nyuma cha duka lililoungana na nyumba yao, katikati ya majora ya vitambaa. Ukipanda na kubonyeza kitufe, mkanda huenda nyuma, nawe unakimbia papo hapo. Kioo kidogo huonyesha umbali.

"Huko ni kukimbia bila kufika," Machachari alimtania.

"Na wewe ukishafika huko, si unageuka na kurudi hapa hapa?"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Wakakubaliana kila mtu ashike njia yake.

Kuanzia siku hiyo, kila jioni mashine ilisikika ikivuma nyuma ya mlango uliofungwa. Baadaye fundi alitoka, meno yote nje, akamwita binti yake aje aone kioo. Umbali ulizidi kuongezeka. Machachari, aliyekuwa akitimua mbio kwa nguvu zake zote tangu siku ya kwanza, alianza kuumwa na mguu chini ya goti. Baba hakulalamika maumivu yoyote. Wala hakuhema. Shati lake lilikuwa kavu na lilinukia pasi. Machale yakamcheza Machachari.

"Mama, umewahi kumwona baba akitoka jasho?"

Mama aliendelea kukunja nguo. "Mimi ndiye ninayefua. Mashati yake siku hizi ni safi kuliko mashuka. Lakini mtu mzima humvamii kwa maswali. Unamtazama tu."

Basi wakawa wanamtazama. Chakulani fundi alisema, "Leo nimekimbia kweli kweli," na mama na mwana wakaangaliana. Machachari hakupenda hali hiyo. Ilimuuma kumchunguza baba yake kama mwizi.

Jioni moja mguu ulimzidi, akarudi mapema. Alipopita kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akasimama na kutega sikio. Mashine ilikuwa ikivuma, lakini hakusikia vishindo vya miguu. Akasogea zaidi. Ndani ya mvumo ule kulikuwa na mlio mwingine alioufahamu tangu utotoni. Akasukuma mlango.

Mkanda ulikuwa ukikimbia peke yake. Fundi alikuwa ameinamia cherehani, akishona pindo la sketi ya shule.

Aliponyanyua uso, mguu wake uliganda juu ya pedali. Akainuka, akaizima mashine.

"Siku ya kwanza niliiwasha kwa kasi yako wewe, ile ninayoiona ukipita dukani," alisema kwa sauti ya chini. "Ikanirusha mpaka kwenye majora. Tangu hapo naiogopa."

"Sasa kwa nini hukutoka nje?"

"Na tumbo hili? Wateja wangu wote wako barabara ile. Watapata cha kusimulia mwaka mzima." Akakwepa macho yake. "Usimwambie mama yako. Nikimaliza sare hizi nitaanza."

Machachari aliufunga mlango akaondoka. Shaka ilikuwa imemtoka, lakini hasira na huzuni zikamjaa. Usiku ule baba aliporudia maneno yake ya kila siku mezani, Machachari aliinuka kabla ya kumaliza chakula.

Siku ya kurudi zahanati, Machachari alikwenda naye kwa ajili ya mguu wake. Muuguzi alimpima fundi, akakunja uso, akapima tena.

"Imepanda zaidi. Dawa unameza?"

"Bila kukosa."

"Na mazoezi?"

"Kila siku. Nakimbia."

"Basi dawa hii haikutoshi," muuguzi alisema. "Kama unakimbia kila siku na presha bado iko hivi, nitamwomba daktari akuandikie yenye nguvu zaidi." Akaanza kuinuka.

Machachari alisimama. Baba yake alikuwa karibu kupewa dawa kwa sababu ya mbio ambazo hakuwahi kukimbia. "Baba," alisema, "mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Fundi alimtazama binti yake. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Kilichokimbia ni mkanda," alisema. "Mimi nilikuwa nashona."

Muuguzi hakucheka. Alikaa tena akasikiliza habari yote. Kisha akauminya mguu wa Machachari. "Na wewe ulianza kwa kasi gani?"

"Kwa nguvu zangu zote."

"Basi kosa lenu ni moja. Wote mmeanzia mwisho."

"Kwa hiyo kipi bora kwa anayeanza," fundi aliuliza, "mashine au barabara?"

"Mashine ni tambarare, haisumbui sana magoti, na mwendo unaupanga mwenyewe. Barabara ina upepo na vilima, kwa hiyo mwili unafanya kazi zaidi, ila ni rahisi kujisahau ukapitiliza. Vyote vinafaa. Anza kwa kutembea, ndipo ukimbie kidogo, huku ukiweza kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Na wewe binti, upumzishe mguu huo kwanza."

Jioni ile fundi alimweleza mama kila kitu. Kisha akawasha mashine kwa mwendo wa kutembea, mlango ukiwa wazi, akatoka shati limemganda mgongoni. Mguu wa Machachari ulipopona, wakatoka pamoja barabarani polepole.

"Fundi, nani anakufukuza?" mteja mmoja alipaza sauti.

"Muuguzi," fundi alijibu. Watu wakacheka, naye akacheka, wakaendelea na safari yao.

Walipokwenda kupimwa tena, presha ilikuwa imeshuka. Muuguzi alifungua mkanda wa kipimo mkononi mwa fundi.

"Siku ile ungeninyamazia, ningekutibu kwa habari za uongo," alisema, "na mwili ambao ungeumia ni wako, si wangu." Akamgeukia Machachari. "Na wewe ukumbuke, kumwomba mzazi wako aseme ukweli si kumvunjia heshima."

Fundi aliinuka kitini. Akaushika mkono wa binti yake, wakatoka.