Uzito wa Todor

Lifti ile haikupaswa kukaa chini. Ilikuwa kibao cha kumpandisha mtu mmoja kwa kamba, na vyuma vya upande wa pili vilipimwa vilingane na mwili wa Todor, msimamizi wa ghala. Bila mtu, ilipaa yenyewe hadi darini. Todor alizama katika ngano ya kihenge miaka mingi iliyopita. Leo Nastia, mjane wake, ameikuta chini, haijafungwa, imetulia kama iliyobeba mtu.

"Kutu hiyo, Mama," alisema mwanawe Borys. "Usijitie wazimu."

Kampuni ya nafaka, waliyoianzisha wakulima wenyewe enzi za babu zao, iliwahi kuwa na ghala refu la mbao katika kila kituo cha reli, kutoka jiji la Winnipeg hadi milima ya magharibi. Sasa imeuzwa, maghala yamebaki matatu, na hili la kituo cha Zelena litabomolewa kesho. Watu walilisikitikia ghala. Nastia alimsikitikia aliyemo ndani, kwamba atafukiwa mara ya pili.

Alasiri akamleta ghalani Bibi Paraska, anayewatoa watu hofu kwa kumimina nta majini na kusoma umbo lake. Bibi akashika bakuli la maji juu ya kichwa cha Nastia, na alipoanza kumimina nta ya moto, vihenge vitupu vikanguruma kwa mlio wa ngano inayomwagika, vumbi likawajaa puani, kamba ikakakamaa ikalia, na chini ya mbao mtu akakohoa, kikohozi ambacho Nastia alikuwa amelala nacho ubavuni maisha yake yote ya ndoa, mpaka Borys, aliyewafuata, naye akamng'ang'ania mama yake mkono.

Nta ikaganda umbo la mtu, kuanzia kifuani kwenda juu.

"Ni yeye," Bibi akanong'ona. "Hana ubaya, ila hajui pa kwenda. Mwambie aende kwa Mungu, basi. Usimkaribishe kwako, mwanangu. Akiingia, mimi simtoi."

Nastia akafungua mdomo. Walimtoa Todor akiwa ameshapoa, wala hakupata kumuaga. Sasa likatoka neno lile alilokuwa akimwita nalo kila jioni.

"Shuka, Todor. Chakula kitapoa."

Lifti ikafyatuka juu, tupu, ikagonga dari.

"Umefanya nini, Nastia?" alisema Bibi, akikusanya vitu vyake bila kumtazama.

Jioni ile Borys alikataa kuingia nyumbani. Nastia akapakua supu ya bitiruti sahani mbili. Kiti cha mkabala kikalia kwa uzito. Baridi ikamtambaa miguuni, na vumbi la ngano likaanza kutua juu ya mkate, juu ya mikono yake. Aliogopa. Alilia pia, kwa furaha aliyoionea haya.

Kisha akamsogezea chumvi.