Chuma cha Mdomoni mwa Bior

Kila asubuhi kinyozi Bior hufungua kibanda chake huko New Site, mtaa wa Juba, huwasha redio, halafu huifuta mashine ya kunyolea kwa spiriti. Baada ya hapo huanza kutania. Mteja akikaa tu, huambiwa kichwa chake kina kona nyingi, wembe unaweza kupotea njia.

Zamani Bior alitania huku amefunika mdomo kwa mkono. Alipokuwa mtoto kijijini, aling'olewa meno manne ya mbele, ya chini, kwa desturi ya kwao. Kisha akakulia Kenya, na wenzake shuleni wakamwita Geti.

Mwaka juzi alikwenda Nairobi kupandikizwa meno. Daktari aliingiza skrubu mbili ndogo za chuma ndani ya mfupa wa taya. Bior akasubiri miezi minne ili mfupa uzishike. Ndipo meno manne mapya yakafungwa juu ya skrubu hizo. Akarudi Juba akicheka mpaka na watu asiowajua. Mkewe Ayak alisema ameolewa mara ya pili na mume yuleyule.

Daktari alikuwa amemweleza namna ya kuyasafisha. Bior aliitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, macho yakiwa kwenye kioo. Nyumbani alipiga mswaki meno ya Mungu, ya daktari akayaruka. Ayak alipouliza, alimjibu kwamba chuma hakiozi.

Miezi ikapita. Fizi ikaanza kuvimba na kutoa damu akitafuna nyama. Haikuuma, basi akanyamaza. Ayak akahamia upande wa pili wa benchi wanaloketi jioni. Alisema ni joto.

Jumamosi moja akaja Lilly, jirani yao. Ni muuguzi wa meno aliyekulia Uganda, na hupenda nywele fupi. Bior aliinama karibu na sikio lake, akaanza utani. Lilly akageuza uso, akamwomba azime mashine.

"Bior, hiyo meno mpya unasafisha?"

"Dada Lilly, hiyo ni chuma. Chuma haina mdudu."

"Na hiyo mashine yako ni ya nini?"

"Chuma."

"Sasa mbona unafuta na spiriti kila mtu akitoka?"

Bior akaitazama mashine mkononi. "Kwa ajili ya ngozi ya watu," alisema.

"Kwes, vizuri. Na hiyo fizi yako ni ya nani?"

Mkono wa Bior ukarudi mdomoni, kama zamani. Akauliza kwa sauti ndogo kama meno yatang'oka. Lilly alimtuliza: wengi waliopandikizwa hukaa nayo miaka mingi, wakiyatunza. Lakini uchafu ukikaa, fizi huoza, kisha mfupa huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu.

"Nguzo ya chuma, mchwa haiwezi kula," alisema. "Lakini mvua ikikula udongo, nguzo inaanguka nzima. Ukiona damu, uvimbe au harufu, usingoje iume."

Akaongeza kwamba hatari huzidi kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa na kwa mvutaji. Hapo akamtazama Bior sana. Bior hakuwa amemwambia mtu kuhusu shisha, lakini pua ya Lilly ilikuwa imeshaambiwa.

Jumatatu Bior na Lilly walikwenda kliniki ya meno. Bior alikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila utani hata mmoja. Picha ya taya ikaonyesha mfupa bado mzima. Daktari wa hapo akamsafisha fizi, akamfundisha upya: mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, uzi wa kupitisha chini ya meno, na kuchunguzwa kila baada ya miezi sita. Safari hii Bior hakutazama kioo. Aliitazama mikono ya daktari.

Shisha aliiacha, ingawa kwa manung'uniko. Baada ya wiki tatu damu ilikoma. Ayak akarudi upande wake wa benchi, ingawa joto lilikuwa limezidi.

Lilly alipokuja tena kunyolewa, Bior aliinama karibu na sikio lake, akangoja.

"Dada, unanusa nini?"

"Spiriti tu."

Bior akacheka kwa sauti, mdomo wazi. Mikono yake yote miwili ilikuwa kazini, kichwani kwa Lilly.