Hakuna cha Kubonyeza

Siku anakutana na Dainess, Wilfred alikuwa amechuchumaa mwaloni Katonga, ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, simu mkononi, anarekodi mlio wa dagaa wakimwagwa juu ya turubai. Mtu mzima, mwalimu wa kompyuta, shati limepigwa pasi, magoti mchangani.

"Kaka, dagaa wangu hao unawakanyaga."

Akainua macho. Kitenge cha njano, kilemba kimekaa upande, harufu ya moshi na sabuni.

"Samahani, dada. Natengeneza gemu ya kutisha. Natafuta mlio wa zimwi likitambaa."

"Na dagaa wangu ndio zimwi?" Dainess akacheka mpaka akashika kiuno. "Hebu niione."

Akaicheza palepale, amekaa juu ya ndoo. Baada ya dakika tano akarudisha simu. "Zimwi lina meno kama sitini, na mimi umenipa bunduki. Sasa niogope nini?"

Wengine wangenuna. Wilfred aliomba namba.

Ikawa simu kila jioni.

"Mpenzi, bunduki nimeiondoa."

"Afadhali. Na zimwi?"

"Linasikika tu, halionekani. Taa nimeipa chaji asilimia kumi."

"Hapo umeanza kunitisha. Lakini mwalimu wangu, giza peke yake halimtishi mtu. Mtu anaogopa kwa ajili ya mtu. Mpe wa kumpoteza."

Ndipo Dainess akamweleza. Kwao, mtu akiwa bado majini jina lake halitajwi mpaka chombo kiguse mchanga. Baba yake, Meshack, alikwenda kuvua. Hakurudi yeye wala mtumbwi. Huu mwaka wa kumi na moja, na mama yake, Veneranda, hajalitaja jina hilo hata mara moja.

Wilfred alisikiliza kwa huruma kabisa, sikatai. Ila kwao Makambako hakuna ziwa, na kichwa chake kilikuwa kwenye gemu.

Jumamosi akamwalika Dainess kwenye kibanda cha gemu Kasingirima, ambako vijana walikuwa wanaijaribu. Dainess alikuja na gauni la bluu, amesuka, anajivunia mtu wake. Mlangoni akasimama. Ili usonge mbele, gemu ilikutaka ubonyeze kitufe na kuita, na vijana walikuwa wanapokezana, wanaita na kucheka kwa woga: "Meshack! Meshack!"

Akageuka, akaondoka. Jioni alipokea simu ya Wilfred mara moja tu.

"Siku ile ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa unarekodi?"

"Dainess, nilitaka tu..."

"Jina ambalo mama yangu ameshindwa kulitaja, wewe umeliwekea kitufe."

Akakata.

Wilfred alilifuta jina usiku uleule, akatuma ujumbe kumi na mbili, hakujibiwa hata mmoja. Alhamisi simu ikawa haipatikani kabisa. Jirani yao Dainess akamwambia kwamba alipanda boti kwenda kusini kununua mawese, alitakiwa kurudi jana, na upepo umechafuka. Wilfred akaomba ruhusa kazini, kesho yake saa moja asubuhi yuko Katonga. Mama Veneranda alikuwa amekaa kwenye ndoo, uso umeelekea majini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, hivi Dai..."

Mama akainua kiganja. Wilfred akalimeza jina, akakaa mchangani.

Jua lilikuwa linawaka, watu wanauza na kununua, hakuna zimwi popote, ila Wilfred hakuthubutu kuyaondoa macho majini. Kila boti iliyotokea alijua ndiyo, mpaka ikawa siyo. Mara tatu alitoa simu mfukoni, akaitazama. Hakukuwa na cha kubonyeza.

Saa saba boti ikaja, imelowa, madumu yamefungwa kamba. Dainess alikuwa kichwa wazi, kitenge kimemganda mwilini. Wilfred alisubiri mpaka mchanga ukakwaruza chini ya boti.

"Dainess," akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Saa moja. Jina nimelifuta. Sikujua linatisha namna hii, nisamehe."

"Na sasa?"

"Sasa nataka haki ya kukusubiri hapa. Niwalete wazee wangu kwenu."

Dainess alikamua pindo la kitenge. "Muulize mama. Mimi bado nina hasira." Lakini hakuuondoa mkono wake Wilfred alipoushika.

Mama Veneranda akasimama, akajikung'uta mchanga.

"Waje," alisema. Akatazama maji kidogo. "Wataulizia baba wa binti. Waambie aliitwa Meshack."