Mpini wa Mzee Ngolo

*Ahadi ulotamka, hukuita jina lako;*
*Hata jua likishuka, haitafuti mwenzako.*

Mwaka 1975, wiki chache kabla ya mvua za kwanza, Oswaldi, mhunzi wa Majimoto, alifunga kisu kipya kwa kitambaa, akamuaga mkewe, akashika njia ya mahame, makazi yao ya zamani. Jua lilikuwa limeinama, lakini mwendo ulikuwa mfupi. Alikusudia kurudi kabla ya giza.

Kisu kilikuwa cha Mzee Ngolo, mlinzi wa makaburi ya ukoo wake. Miaka minane nyuma, mzee huyo alileta mizinga miwili ya asali ili afuliwe kisu cha ulinzi. Oswaldi aliipokea, akaipima ngumi ya mzee kwa ukambaa, kamba nyembamba ya kusuka, kama wahunzi wa kwao wafanyavyo, ili mpini uchongwe kwa kadiri ya mkono wake. Asali ikalika, ikaisha. Kisu hakikufuliwa. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishiwa kijijini kwa malori, na Mzee Ngolo hakuonekana tena. Wengine walisema alikataa kupanda lori. Wengine waliapa kwamba alipanda, ila hakushuka.

Tangu msimu ule wa kuhama, kila chuma ambacho Oswaldi alikizamisha majini kilipasuka. Majembe hayakutoka, na watoto wakawa wanalalia uji mwepesi. Generosa, mkewe, alimwambia bila kupepesa kwamba nyumba yao ilikuwa imekula jasho la mzee wa watu. Ndipo Oswaldi akafua kile kisu. Hicho hakikupasuka, naye akaamua kukipeleka uani kwa mzee, awepo asiwepo.

Jambo moja tu hakumwambia mkewe. Ukambaa wa kipimo ulikuwa umeliwa na panya, naye akauchonga mpini kwa kuufuata mkono wake mwenyewe.

Nani angejua?

Alivuka kijito cha maji ya moto. Harufu yake, kama ya mayai viza, ilimfuata mpaka uani kwa Ngolo. Paa la nyumba lilikuwa limebonyea, na majani yalikuwa yamefunika makaburi. Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na upepo.

Lakini moshi ulikuwa unatoka mlangoni.

"Karibu, fundi," sauti ilinong'ona kutoka ndani. "Ile asali ilikuwa tamu, siyo?"

Oswaldi aliitambua sauti. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nyie wahunzi mna mikono mizito ya kutoa na miepesi ya kupokea. Weka hapo."

Oswaldi alikiweka kisu kizingitini. Mkono mkavu, wenye vidole virefu, ulitoka gizani, ukaushika mpini. Ukaugeuza. Ukaupapasa taratibu, kama kipofu apapasavyo uso wa mtu.

"Huu si mkono wangu," sauti ilisema. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

Oswaldi alianza kujitetea, akaomba apewe siku tatu achonge mwingine. Mzee alimwacha amalize.

"Mwanangu, aliyechongewa mpini wa kisu hiki ndiye alindaye hapa. Haondoki. Mimi nilikukabidhi kipimo changu. Wewe umeleta chako."

Oswaldi alikimbia.

Alivuka kijito, akapita kichuguu chekundu, akapanda kilima kidogo ambacho mtu akiwa juu yake huona mioshi ya Majimoto. Alipofika juu, aliona paa lililobonyea, makaburi, na mlango. Akageuka, akakimbia tena. Kijito. Kichuguu. Kilima.

Mlango.

Mara ya tatu hakukimbia. Alitembea akihesabu hatua na kutaja majina ya watakatifu. Jua lilikuwa palepale, limeinama vilevile, halipungui wala halizami. Alipofika uani, mlango ulikuwa wazi na nyumba tupu. Moshi ulikuwa umekoma. Kiganja chake kilihisi kitu cha baridi, akainamisha macho.

Kisu kilikuwa mkononi mwake. Mpini ulimkaa barabara.

Hakujua muda gani ulipita kabla ya kusikia sauti za watu. Generosa aliingia uani, macho yamevimba, na nyuma yake Yotham, balozi wa nyumba kumi. Oswaldi alisimama mbele yao akawaita kwa majina. Generosa alipita karibu naye kiasi kwamba kanga yake ilimgusa mguu. Hakugeuka.

Yotham aliinama akizichunguza nyayo. Alisema za Oswaldi zilikuwa zimeuzunguka ua mara nyingi, lakini hazikutoka. Zilizotoka zilikuwa za mtu mwingine, wa miguu mipana, aliyetembea bila haraka.

"Balozi," Generosa aliuliza kwa sauti ndogo, "yule mzee aliyebisha jana jioni kwa binti wa Mzee Ngolo pale kijijini, akala, akaomba na maji ya kuoga... alikuwa ametokea wapi?"

Yotham aliinuka. Alimshika mkono, akamwambia waondoke haraka.

Oswaldi aliwafuata mpaka mwisho wa ua. Mguu haukuvuka. Aliita mpaka sauti ikamkauka, na kanga ya mkewe ikazidi kuwa ndogo, ikapotelea nyuma ya kilima.

Wawili walikwenda zao. Aliyebaki amesimama ni Oswaldi.