Mashine Aliyoichagua Mbuthia

Chepkurui alimkasirikia Mbuthia kabla hata hajamjua jina. Ilikuwa siku ya soko, na lile duka la vifaa vya ujenzi pale Kericho mjini lilikuwa limejaa mpaka mlangoni: wakulima wakiulizia waya na misumari, mafundi wa paa wakigombania mabati, mama mmoja amekalia gunia la simiti na kufunga njia. Chepkurui alikuwa amevaa gauni la kijani la maua, juu yake koti zito la jinzi, na chini raba zilizotobolewa na cheche za chuma. Alikuwa ameinamia mashine ya mkanda wa msasa, ile inayozungusha msasa mbio ukasugua chuma mpaka kikapata umbo, akiyapima magurudumu yake kwa vidole. Ndipo kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, aliposimama kando yake na kumwuliza mzee wake amemtuma ya aina gani.

"Mzee gani?"

"Mwenye atafanya nayo kazi."

"Mwenye atafanya nayo kazi ndiye huyu unaongea naye."

Mtu mwenye akili angeomba msamaha akaenda zake kuuza misumari. Huyu alicheka, tena mbele ya wateja, akauliza atafanya nayo kazi gani. Chepkurui alitoa kwenye mkoba kisu kilichofungwa kwa kitambaa, kisu cha kupogolea chai chenye mkunjo kama mdomo wa kasuku, alichokikata kutoka kwa springi ya lori na kukisugua kwa mkono wiki nzima. Kijana alikichukua, akapitisha kidole gumba kwenye makali kama mjuaji, na damu ikamdondokea shatini. Wateja wakaguna. Chepkurui akahisi raha kwa mara ya kwanza tangu aingie mle ndani.

"Sawa," kijana akasema, akinyonya kidole. "Nimeshika adabu. Naitwa Mbuthia. Sasa niambie unataka mashine ya namna gani."

Akamwambia, wala hakumhurumia. Hii hapa, alisema, ni ya seremala. Mkanda wake ni mfupi na unaenda kasi moja tu, kasi ya wazimu. Kisu chembamba ukikigusisha hapo kinashika moto, ncha inageuka rangi ya buluu, na chuma kikishageuka buluu makali hayakai tena. Alitaka mkanda mrefu, mota yenye nguvu isiyozimika ukiiegemea, na kasi ya kupunguzwa. Tena alitaka mikanda inayopatikana hapahapa Kericho, isiwe kila ukikatika anaagiza Nairobi. Mashine kama hiyo kutoka nje ilikuwepo, Mbuthia alikiri, lakini bei yake ni ya ng'ombe wa gredi na ndama wake. Chepkurui alisema anajua, ndiyo maana amekasirika tangu asubuhi.

Mbuthia aliomba namba ya simu, eti ampigie mzigo mpya ukifika. Mzigo gani? Hakuna mzigo uliofika. Alipiga jioni ileile.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi la chuma."

"Na mimi nimekula matusi ya wateja. Tukutane tubadilishane sahani."

Basi wakakutana. Kila Jumapili baada ya kanisa Chepkurui alitoka kwao Kapkatet, wakala chipsi na kuku mjini, na Mbuthia akamtoa unga wa chuma kwenye nywele huku akimwita jina la mashine aliyoitaka, mkanda mrefu, mkanda mrefu, mpaka Chepkurui akampiga kofi la begani. Alimpenda. Hakuna haja ya kuzunguka hapo, alimpenda mpaka akawa anasahau kukasirika, na kwa Chepkurui hilo si jambo dogo.

Mambo mawili tu yalikuwa yakimsumbua Mbuthia. La kwanza, mashine yenyewe. Chepkurui alikuwa ameshaamua: Oyaro, fundi wa kuchomelea pale Kapkatet, atamtengenezea fremu, yeye mwenyewe atafute mota kuukuu ya kinu cha posho kilichofungwa, wachague magurudumu ya kupunguza kasi. Lilikuwa jambo la busara na la bei nafuu. Shida ni kwamba Oyaro ni mtu wa kesho, na kesho ya Oyaro ni kama mwezi wa wengine, na msimu wa kupogoa chai ulikuwa unabisha hodi. Mbuthia alisema achukue tu yoyote ya dukani. Chepkurui alisema jina lake ndilo linaloandikwa kwenye mpini, si la duka. Watu wanaoguna kwamba kisu cha mwanamke hakikati, wakipata kimoja kibaya watakuwa wamepata walichokuwa wakitafuta.

La pili, Mbuthia hakuwa anajulikana kwa kina Chepkurui. Kila alipouliza wataonana lini na baba yake, aliambiwa angoje kidogo. Nyumbani Chepkurui alipopigiwa simu alisema ni mtu wa hardware, akatoka nje kuongea.

Sasa sikia alichofanya Mbuthia.

Jumamosi moja Chepkurui alirudi kutoka Siongiroi, alikokuwa amewapelekea wenye bucha visu vyao, akakuta ua umefagiwa kama wa Krismasi. Shangazi yake Janeffer alimkumbatia langoni, machozi yanamtoka, akamwambia sasa amekuwa mtu mzima. Baba zake wadogo wawili walikuwa sebuleni na miguu wameinyoosha. Na katikati ya sebule, juu ya meza, kulikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha wageni.

Kumbe Mbuthia alikuwa amenunua mashine akaituma kwa pikapu na mjomba wake Nganga, ambaye alimchukua rafiki yake wa kanisani wa kumsaidia kubeba. Wazee wawili, makoti na kofia, wakateremka kwa mzee Kiptum, baba yake Chepkurui, na zawadi ya binti yake. Kwa Wakipsigis wazee wawili wageni hawaingii kwa mtu namna hiyo wakasema wamepita tu. Hao wamekuja kubisha hodi ya koito, ya kuposa. Mzee Kiptum akaamrisha mursik, maziwa ya kibuyu, akawauliza kwa heshima kama wamekuja kwa ajili ya msichana. Nganga amezaliwa Kedowa, Kikipsigis anakiongea kuliko wenyewe, na mdomo wake haujui kupumzika. Akacheka, akajibu kwamba wakipewa hawatakataa. Kwake ulikuwa utani. Mzee Kiptum akawapigia ndugu zake simu.

Chepkurui alifunua kitambaa. Chini yake palikuwa na mashine ya seremala, ileile aliyoikataa siku ya kwanza.

Aliibeba mwenyewe mpaka kwenye banda lake, akaichomeka kwenye umeme, akagusisha kisu kimoja. Ncha ikageuka buluu papo hapo. Akapiga simu.

"Mpenzi, imefika?" Mbuthia alikuwa anacheka. "Nilitaka kuku-surprise. Msimu ndio huu, na huyo Oyaro wako..."

"Nani alikuambia nachaguliwa?"

"Chepkurui, ni mashine tu."

"Hapa kwetu mimi nimeshaposwa, Mbuthia. Nimeposwa na mashine ya seremala."

Akakata simu. Mbuthia alipiga tena mara nyingi, na simu ikaimba peke yake juu ya rundo la springi.

Jumatatu Chepkurui alipakia ile mashine kwenye gari la probox, akaishusha mlangoni mwa duka la Kericho, akaiweka juu ya kaunta katikati ya wateja. Alivaa lile koti la jinzi, hakujipaka hata mafuta. Alimwambia Mbuthia yote, na wala hakushusha sauti: kwamba alimweleza mashine anayotaka mpaka mate yakamkauka, na yeye akasikiliza kama watu wanavyosikiliza redio, kwamba sasa baba yake anamwona binti aliyeletewa bei, na kila kisu atakachotengeneza watu watasema ni cha mashine ya bwana. Alimwambia amemchukulia kitu ambacho hakuna mtu mwingine alikuwa amekigusa, uamuzi wake.

Mbuthia alimwacha amalize. Alikuwa amegeuka rangi, lakini si kwa aibu.

"Umemaliza? Basi na mimi niulize. Kwenu mimi ni nani?"

Chepkurui akaanza kuukunja waya wa mashine.

"Anko Nganga alirudi akaniambia waliuliza Mbuthia ni nani. Wakauliza ni mtoto wa nani. Si walidhani labda ni jina la kampuni. Siku zote hizo tunakula sahani moja, na baba yako hajui kama niko duniani."

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini? Nibadilishe jina niwe Mkipsigis? Anko yangu amezaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa, na bado wewe unatoka nje ukiongea na mimi. Mashine nimekosea. Sikujua mambo ya koito, na sikukusikiliza, hiyo nimekubali. Lakini usiniambie ati mimi ndiye pekee nimeamua peke yangu."

Chepkurui aliiacha mashine pale juu ya kaunta. Alitoka na hasira yake yote, na njia nzima kurudi Kapkatet hasira hiyo ilikuwa ikitafuta mtu wa kumkalia. Nusu ilimkalia Mbuthia. Nusu nyingine, hata alipoisukuma, ilimrudia mwenyewe.

Aliingia kwenye kazi kwa fujo. Alimkalia Oyaro mlangoni mpaka akachoka kusema kesho. Alikwenda mwenyewe kuikagua mota ya kinu, akairudisha moja iliyonguruma vibaya, akachukua nyingine. Fremu ikachomelewa, mkanda ukanyooka na kutulia katikati bila kukimbilia pembeni. Siku alipogusisha kisu cha kwanza kikabaki baridi mkononi mwake, furaha ilimpanda, akamtafuta mtu wa kumwambia, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Hilo nalo likamuudhi.

Nyumbani baba yake alikuwa hapumui. Wazee wanangoja, wale watu wa Kedowa wamepotea, je, wametudharau? Chepkurui akachukua simu. Safari hii hakutoka nje. Alipiga akiwa sebuleni, shangazi Janeffer akichambua maharagwe, masikio ameyatega.

"Jumapili baada ya kanisa, kuja nyumbani," alisema, bila hata salamu.

"Umenisamehe?"

"Bado nimekasirika. Kuja hivyo hivyo. Na usibebe kitu."

"Hata sukari? Kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu, Chepkurui, mamangu ataniua."

"Hata sukari. Ukibeba sukari utarudi nayo."

"Na mashine yako?"

"Inakata, haichomi."

"Nilikosea," Mbuthia akasema taratibu.

"Na mimi nilikuficha. Usichelewe."

Alikuja, shati jeupe tena, mikono haijui ikae wapi. Wazee walikuwa wamejipanga uani kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na maneno yake ya koito tayari mdomoni. Mzee Kiptum alimpokea sebuleni akiwa amesimama. Alimtazama mikono, akatazama nyuma yake mlangoni, hakuona mzee wala mzigo. Uso wake ukakunjamana.

"Wewe umekuja na nini hapa?"

Mbuthia alifungua mdomo. Chepkurui akamtangulia.

"Hajakuja na kitu, baba. Ile mashine ilikuwa makosa, nimeirudisha. Huyu anaitwa Mbuthia. Sijaletewa. Nimemleta mimi."

"Umemleta wewe."

"Mimi. Ndiye ninayemtaka, na nilikuwa naogopa kukuambia."

"Na mimi nikikataa?"

"Basi utakuwa umenikataza mimi, si yeye, na mimi ndiye utaniambia sababu."

Shangazi Janeffer aliacha kumimina chai. Mzee Kiptum alimkazia binti yake macho kwa muda, kisha yule kijana, kisha binti tena, na ilikuwa wazi hapo hasira ya nyumba ile inarithiwa kutoka kwa nani. Hatimaye akaketi kwenye kochi kubwa, akasogea kidogo pembeni.

"Kaa hapa," akamwambia Mbuthia, uso bado umekunjwa. "Na wewe, Chepkurui, toka nje uwaambie hao wazee leo hakuna koito. Mdomo unao. Kawaambie mwenyewe."

Chepkurui alitoka kwenda kuwaambia.